Mtoto Anayekataa Mboga: Maswali ya Wazazi na Majibu Yake

Mwanangu ana miaka 3. Zamani alikula kila kitu, siku hizi anachagua. Anaumwa?

Mara nyingi haumwi. Katika mwaka wa kwanza uzito wa mtoto hufika karibu mara 3 ya ule aliozaliwa nao. Baada ya hapo huongeza kama kilo 2 tu kwa mwaka, hivyo hamu ya kula nayo hupungua. Isitoshe, kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi huogopa chakula wasichokizoea. Ila akipungua uzito, akilegea au akipaliwa mara kwa mara, mpeleke kwa daktari.

Nimlazimishe amalize sahani?

Hapana, na hapa naomba tuelewane vizuri. Wewe mzazi unaamua ale nini, saa ngapi na wapi. Ale kiasi gani, mwachie mwenyewe. Mtoto anayeshindiliwa chakula huzoea kupuuza tumbo lake linapomwambia limeshiba.

Mwekee kipande kimoja cha karoti iliyoiva, kando ya chakula anachokipenda. Atakibonyeza kwa kidole, atakinusa, pengine atakilamba kisha akiteme mkononi mwako. Usimkaripie, ndivyo anavyojifunza. Kesho kutwa mwekee tena. Watoto wengine huhitaji kuonja mara 10, hata 15, kabla hawajakubali, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne.

Nikimwahidi pipi akimaliza mboga?

Usifanye hivyo. Ataelewa kwamba mboga ni adhabu na pipi ndiyo tuzo.

Anywe nini?

Maji, na maziwa kwa kiasi. Mtoto anayeshinda na kikombe cha maziwa mkononi hufika mezani ameshiba, na anaweza kupungukiwa madini ya chuma. Soda na juisi zenye sukari zisiwe kinywaji cha kila siku, na aliye chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku.

Sisi wenyewe hatuli mboga. Tuanzie wapi?

Kwenye sahani zenu, maana mtoto anawatazama. Chagueni mlo mmoja kwa siku, mle pamoja, televisheni imezimwa na simu ziko chumba kingine. Yeye apewe kazi ya kuosha mboga au kuzipakua. Mboga aliyoiosha mwenyewe huitazama kwa jicho jingine.