Lami ije mwisho: jinsi ya kupanga ujenzi mpya wa barabara ya zamani Bukavu

Barabara za Bukavu, mashariki mwa Kongo, huanza kuharibika kutoka chini. Mpita njia anayeona shimo pale Nyawera husema lami imechakaa, na kiongozi anayetaka kupendwa huahidi lami mpya. Lakini lami ni kama bati la nyumba: inazuia mvua, haibebi ukuta. Katika barabara nyingi za mji unene wake ni sentimita chache tu. Uzito wa magari hubebwa na tabaka za mawe na changarawe zilizo chini yake, na mwisho kabisa na udongo wenyewe.

Na udongo wetu tunaujua. Ni mfinyanzi uliotokana na mawe ya kale ya volkano. Ukiwa mkavu ni mgumu, ukilowa unalegea. Lori likipita juu ya udongo uliolowa, tabaka za juu hubonyea, lami inapata ufa, maji yanapenya zaidi, na siku chache baadaye shimo limefunguka. Kumwaga lami mpya juu ya hali hiyo ni kuficha ugonjwa. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuchimba mashimo ya uchunguzi kando na katikati ya barabara, kupima unene wa kila tabaka na kuona maji yamefika wapi. Sehemu nyingine zitahitaji kufunikwa tu, nyingine kung'olewa hadi kwenye udongo. Anayetaja bei ya kilomita moja kabla ya mashimo hayo anabahatisha.

Sasa tuhesabu maji. Mvua ya milimita 40 ikinyesha juu ya hektari 1, hizo ni lita 400,000, yaani bidoni 20,000 za lita 20. Mahali penye migomba na majani, sehemu kubwa hunywewa na ardhi. Mahali penye mabati na simenti, karibu yote hushuka. Sasa tazama miteremko ya Kadutu, ilivyojaa nyumba mpaka ukingoni mwa makorongo, kisha tazama Ziwa Kivu lilipo: maji hayo yote lazima yavuke barabara za Ibanda, komine iliyo chini. Kanivo, yaani mifereji ya maji kando ya barabara, zilizojengwa enzi za ukoloni zilipimwa kwa mji mdogo wenye bustani. Kwa hiyo upana wa kanivo mpya upigiwe hesabu kuanzia juu ya kilima, hata kama mradi unahusu mita 800 tu za barabara chini. Hapo ndipo wafadhili wengi hukunja uso, kwa sababu kilima hakikuandikwa katika mkataba.

Kanivo pia lazima isafishike. Ninapendelea vifuniko vya zege vinavyoinuliwa na watu wawili, na shimo la kunasa matope kila kona. Kifuniko kilichozibwa kwa simenti kinapendeza siku ya uzinduzi, lakini siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, hakuna anayeweza kukifungua. Chupa za plastiki zinazopita humo huishia ziwani, kisha kwenye mitambo ya umeme ya Ruzizi, halafu tunashangaa umeme ukikatika.

Mabomba ya REGIDESO, shirika la maji, yana hatari nyingine. Bomba kuukuu linalovuja chini ya barabara ni baya kuliko mvua, maana halijui kiangazi: linalowesha udongo mwaka mzima. Libadilishwe kabla ya lami, pamoja na nyaya za SNEL, shirika la umeme, na za kampuni za simu, na mirija mitupu iachwe ikivuka barabara ili kesho mtu apitishe waya bila sururu. Kikao kimoja cha mashirika hayo, kila moja na ramani yake mezani, kinaokoa fedha nyingi.

Kuhusu magari, neno moja. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli (mhimili wa magurudumu) ukiongezeka maradufu, uharibifu huongezeka takriban mara 16. Lori moja lililopakiwa kupita kiasi linaumiza barabara kuliko maelfu ya teksi. Mradi usioamua malori yapite wapi haujakamilika.

Watu nao wahesabiwe, siyo magari tu. Bukavu wengi hutembea kwa miguu. Akina mama wanaouza kando ya barabara hawakukaa hapo kwa ukaidi. Wanawafuata wapita njia. Mpango unaoanza kwa kuwafukuza utawakuta wamerudi wiki inayofuata, safari hii juu ya kanivo. Afadhali wapewe ukingo mpana upande mmoja, na wamotari wapate kituo chao nje ya njia ya magari. Kwenye miteremko mikali, mawe ya zege ya kupanga yanafaa kuliko lami: yanang'olewa na kurudishwa, na vijana wa mtaa wanaweza kuyatengeneza.

Ukuta au nyumba ikiguswa, sheria ya Kongo nambari 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977 inadai fidia ilipwe kabla, siyo baada. Mwenye kiwanja atafute hati zake sasa, asingoje tingatinga.

Kazi ya udongo ifanyike kiangazi, Juni hadi Agosti, kwa sababu mfinyanzi uliolowa haushindiliki. Hivyo uchunguzi na vikao vifanyike msimu wa mvua unaotangulia. Ni wakati huo wakazi wanatufaa zaidi: mvua ikinyesha, piga picha kwa simu mahali maji yanapovuka, andika saa, mpe chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wenu. Waulizeni pia wazee chemchemi zilikuwa wapi kabla ya nyumba kujengwa juu yake. Ramani tulizo nazo hazionyeshi zote.