Nusu kaputi na ganzi si kitu kimoja

Mtu akifanyiwa operesheni huku kwetu Mombasa, wanaokuja kumuangalia lazima waulize, "alilazwa usingizi ama alidungwa ya mgongo?" na wengi wanadhani ni dawa moja, njia ndo mbili. La, hizi dawa kila moja ina mahali pake pa kazi.

Ganzi inafanya kazi kwenye mshipa wa fahamu. Maumivu yanasafiri kwa mshipa kama umeme, na umeme huo unakuja kwa sababu chembe za sodiamu zinaingia ndani ya mshipa kupitia vitundu vidogo mno. Sasa dawa kama lignokaini, ile ya kung'olea jino, inaviziba vile vitundu, basi nyama inakatwa lakini habari haifiki kwa ubongo, na wewe uko macho unapiga story.

Sindano ya mgongo pia ni ganzi, ila inawekwa kwenye yale maji yanayozunguka mishipa ya uti wa mgongo, dawa yenyewe kidogo tu kama mililita 2 ama 3 hivi, halafu sindano inatolewa, haibaki huko ndani kama watu wanavyosema. Mimi nilidungwa hiyo wakati wa kujifungua kwa operesheni. Nilikumbatishwa mto nikainama, mara naskia joto linateremka miguuni, na daktari wa usingizi akanipitisha pamba ya spiriti pajani akauliza, "mama, baridi?" Nikamwambia naskia umenigusa lakini baridi hakuna. Akasema vizuri, manake mishipa myembamba ya uchungu na baridi ndo inakufa ganzi mwanzo, ya kuskia mguso ni minene kidogo inachelewa. Ndo maana walipoanza nilikua naskia tumbo linavutwavutwa, kama mtu anatafuta funguo chini ya mkoba, na uchungu sikuuskia hata chembe. Jamani waambieni wanaoenda hii kitu mapema, mimi sikuambiwa na niliogopa sana nikidhani dawa imekataa.

Nusu kaputi yenyewe, yaani ile ya kulazwa usingizi, inaenda kwa ubongo. Propofoli, moja ya dawa zake, ni nyeupe kama maziwa, inapita kwa mshipa wa damu na dakika haiishi ushapotea, inaipa nguvu ile kemikali ya ubongo wako mwenyewe inayotuliza mambo, halafu unaendelezwa kwa gesi ama dawa hiyohiyo. Twaita usingizi lakini sio usingizi, aliyelala ukimfinya anaamka, huyu haamki, na hata kupumua kunaweza kusimama, kwa hivyo mara nyingi anawekwa mpira kooni apumuliwe na mashine na daktari wa usingizi haondoki pale mpaka mwisho. Kabla William Morton, daktari wa meno wa Marekani, hajaonyesha watu etha, dawa ya kuvuta ya kulaza mgonjwa, kule Boston tarehe 16 Oktoba 1846, mgonjwa alikua anashikwa na wanaume tu akatwe huku analia.

Sasa ile habari ya kutokula. Ukipoteza fahamu koo nayo inasahau kazi yake, chakula kikipanda kutoka tumboni kinaingia mapafuni na hiyo inaua. Kwa kawaida mtu mzima anaambiwa asile masaa 6 kabla, na maji matupu mpaka masaa 2 kabla, na chai ya maziwa inahesabiwa chakula hata kama hukugusa mahamri. Kama ulikula, sema ulikula nini na saa ngapi, kuahirishwa hadi kesho si kitu. Muguka na miraa pia sema, zinapandisha presha na mapigo ya moyo na daktari anahitaji kujua kabla hajapima dawa yake. Na wewe bibi harusi wa juzi, ile klipu ya kidoleni inapima oksijeni kwa mwanga unaopenya ngozi na piko, ile rangi nyeusi ya urembo uliyopakwa, inaweza kuuzuia, waonyeshe mapema wakutafutie kidole kisichopakwa ama waibane kwa sikio.