Je, wajua kwa nini sanamu ya Shetani iliondolewa kanisani kwa kosa la uzuri?

Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo mjini Liège, Ubelgiji, kwenye mimbari, ameketi kijana wa marumaru nyeupe mwenye mabawa ya popo. Huyo ni Lusifa, yaani Shetani, na ni wa pili kukaa hapo.

Mimbari ile ilikusudiwa kuonyesha dini ikiushinda uovu. Kumchonga huyo mshindwa alipewa mchongaji Mbelgiji Joseph Geefs, aliyeimaliza sanamu yake mwaka 1842: kijana kifua wazi, uso umeinama kwa utulivu, nyoka miguuni. Haikudumu kanisani. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa kanisa walimwona mzuri kupita kiasi, wakahofu wasichana watamkodolea macho yeye na mahubiri yapite hewani. Leo sanamu hiyo imo katika makumbusho ya sanaa mjini Brussels.

Kwa nini amchonge hivyo? Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimpa Ibilisi pembe, mkia na kwato za mbuzi, ili ukimwona tu ukimbie. Wasanii wa mkondo wa ulimbwende (Romanticism), uliotukuza hisia na kuvuma tangu mwisho wa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, walikumbuka kwamba huyu alikuwa malaika kabla ya kuasi. Tayari mwaka 1667 mshairi Mwingereza John Milton, katika utenzi wake Paradise Lost, alikuwa amempa Shetani ufasaha, kiburi na majonzi, hata mshairi mwenzake William Blake akaandika baadaye kwamba Milton alikuwa upande wa Shetani bila kujijua. Kwa wasanii hao, wema na uovu vilipigana ndani ya moyo wa kiumbe mmoja anayejua fika alichopoteza. Nami naona walisema kweli, maana uovu usiovutia ungemnasa nani?

Kazi ikahamia kwa Guillaume, kaka yake Joseph. Sanamu yake ya 1848 ina vipembe, mnyororo kifundoni, fimbo ya kifalme iliyovunjika, na tofaa lililoumwa limelala miguuni. Mkono mmoja ameuinua juu ya kichwa, kama anayekinga pigo. Dalili za kushindwa zimeongezwa zote, lakini uzuri haukupungua, na sasa mtazamaji anamhurumia pia. Ukimsogelea, utaona Guillaume amemchongea chozi.