Je, wajua? Jokofu la gari-nyumba lisilopoza halijaishiwa gesi

Jokofu likiacha kupoza, watu husema upesi, "limeisha gesi." Kwa jokofu lenye kompresa, neno hilo mara nyingine ni kweli. Kwa jokofu la gari-nyumba, lile linaloendeshwa kwa moto wa gesi ya mtungi au kwa umeme, karibu kila mara si kweli, na anayelishikilia atahangaika kutafuta fundi wa kumjazia kitu kisichojazwa.

Kinachochanganya ni kwamba hapa kuna gesi za aina mbili. Gesi ya mtungi kazi yake ni kuwaka tu. Hiyo inaweza kuisha, kwa hiyo mtungi ukaguliwe kwanza. Lakini haiingii hata chembe katika mabomba yanayopoza. Humo mna maji, amonia na haidrojeni, vimewekwa kiwandani kwa mgandamizo mkubwa, kisha mabomba yakachomelewa. Hakuna valvu ya kuongezea. Hakuna pampu wala kipande chochote kinachozunguka. Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliubuni mtambo huu mwaka 1922 wakiwa wanafunzi huko Stockholm, na msingi wake haujabadilika.

Moto unapozaje? Chini, nyuma ya jokofu, moto huchemsha maji yaliyobeba amonia. Amonia hutoka kama mvuke, hupanda juu, hupoa kwenye mapezi ya chuma na kuwa kimiminika, kisha huteremka kwenye mabomba yaliyo ndani ya jokofu. Hapo ndipo penye jambo la ajabu. Katika hewa ya kawaida amonia huchemka kwenye nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, lakini chini ya mgandamizo wa mabomba haya haichemki mpaka ifike karibu nyuzi 50 juu ya sifuri. Kwa hesabu hiyo ingekaa humo kama maji tu, bila kupoza chochote.

Haidrojeni ndiyo inayookoa kazi. Fikiria nguo iliyoanikwa kambani. Inakauka ingawa maji yake hayajachemka, kwa sababu hewa inayoizunguka haina mvuke mwingi, na kadiri maji yanavyoruka nguo inakuwa baridi. Haidrojeni ndiyo hewa ya amonia: amonia huruka ndani yake bila kungoja kuchemka, na ikiruka huchukua joto la jokofu. Ila nguo haikauki kama hewa imeshiba mvuke. Vivyo hivyo, haidrojeni iliyoshiba amonia haipozi tena. Inabidi ishuke hadi kwenye mabomba yaliyojikunja chini, ambako maji yale yaliyoachwa na amonia kule kwenye moto huchuruzika na kuinyonya tena, nayo haidrojeni, ikiwa nyepesi tena, hupanda kurudi kazini.

Maji hayo yanachuruzika kwa mteremko peke yake, na ndiyo maana jokofu zima linaweza kulemazwa na gari lililoegeshwa likiwa limeinama. Bomba likiinama kupita kiasi, kimiminika hutuama, mzunguko husimama, na kichemshio huendelea kupata moto bila maji ya kutosha. Majokofu mengi ya kisasa huvumilia takriban nyuzi 3 za mwinamo upande kwa upande na 6 mbele kwa nyuma. Ya zamani hutaka usawa zaidi. Gari likiwa mwendoni, mtikisiko wenyewe hukisogeza kimiminika. Kinachoua ni kuegesha pabaya usiku kucha. Kwa hiyo weka pima maji ndani ya jokofu kabla ya kufungua kitu chochote.

Pakiwa sawa, geukia joto lililo nyuma. Mapezi yasipopata hewa ya kupanda na kutoka nje, amonia haigeuki kimiminika. Viota na vumbi kwenye matundu ya hewa husababisha hitilafu nyingi zinazodhaniwa kuwa kubwa.

Kisha tazama moto. Unatakiwa uwe wa buluu na utulie. Ukiwa wa manjano na unayumba, kichomeo kina masizi au utando wa buibui, ambao hupenda mabomba haya membamba. Kitundu cha gesi usikichokoe kwa waya, kitapanuka. Kiloweke kwenye spiriti kikauke chenyewe. Mpira wa mlango nao upime kwa kufungia karatasi mlangoni: ikivutika bila kushikwa, baridi inatoroka hapo.

Na usihukumu mapema. Mtambo huu ni wa polepole sana. Kutoka kwenye joto la kawaida huhitaji saa nyingi, mara nyingi usiku mzima.

Kipimo cha mwisho ni kuiunganisha koili ya umeme, ile inayopasha kichemshio joto badala ya moto wa gesi, moja kwa moja na umeme wake sahihi, kuruka vidhibiti vyote, na kuiacha kwa saa 12 au zaidi gari likiwa sawa. Jokofu likipoza, tatizo liko kwenye vidhibiti au kichomeo. Kichemshio kikiwa cha moto na ndani pakabaki vuguvugu, mtambo wa kupoza umekufa na hubadilishwa wote. Ukikuta unga wa manjano umeganda kwenye bomba la nyuma, huna haja ya kupima: hiyo ni kromati inayolinda chuma kisipate kutu, imetoka pamoja na maji. Harufu kali ya amonia husema vilevile. Hapo zima moto, funga mtungi, fungua madirisha na utoke nje, kwa sababu haidrojeni inayotoka pamoja nayo huwaka.