Bioanuwai huongezeka pale mbabe anapozuiwa

Ukiuliza namna ya kuongeza bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe mahali fulani, majibu huja haraka: panda miti, rutubisha udongo, ondoa wanyama wala nyama. Sisi wanaikolojia, tunaochunguza jinsi viumbe wanavyohusiana na mazingira yao, huanza kwingine. Tunauliza ni spishi (aina ya kiumbe) gani inawabana wenzake hapo, na ni nini kinaizuia isitwae nafasi yote.

Mwaka 1963 mwanaikolojia Robert Paine alianza kuwaondoa viti vya pweza, wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, kwenye miamba ya pwani ya jimbo la Washington, Marekani. Mnyama huyu huwinda, na kome, wanyama wa kombe wanaojishikiza mwambani, walikuwa miongoni mwa mawindo yake makuu pale. Kwa kuwa mwindaji kaondoka, mtu angetarajia viumbe wote wapate nafuu. Waliopata nafuu ni kome. Walisambaa mwambani na kuwanyima wengine mahali pa kujishikiza, hadi spishi 15 zikabaki 8. Kumbe aliyekuwa akila ndiye aliyekuwa akiwaachia wanyonge nafasi.

Lakini si kila mwindaji ana faida hiyo. Sangara, samaki mkubwa anayewinda samaki wengine, alipopandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, idadi ya spishi kwenye karatasi iliongezeka kwa moja. Baadaye furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, wa aina nyingi sana wakatoweka, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia. Kiti cha pweza alimla mbabe. Sangara aliwala wanyonge.

Mbolea nayo huwashangaza wengi. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo nchini Uingereza, uwanda wa nyasi umegawanywa vipande vinavyofanyiwa majaribio tangu 1856. Vipande visivyowekewa kitu vina zaidi ya aina 30 za mimea. Baadhi ya vile vilivyopewa nitrojeni nyingi ya amonia vimebaki na mbili tatu. Nyasi chache zinazofaidi nitrojeni hurefuka na kuwafunika wenzao wakakosa mwanga, na amonia hutia udongo tindikali. Kwa hiyo mtu akinionyesha kijani kibichi kilichositawi, bado sijaona bioanuwai.

Kuna pia misukosuko: moto, mafuriko, mti mkubwa kuanguka. Mwanaikolojia Joseph Connell aliandika mwaka 1978 kwamba misukosuko ya kiasi huongeza spishi kuliko mingi au michache. Wenzangu kadhaa hawaikubali hoja hiyo kama kanuni ya kila mahali, nami nipo upande wao. Jambo lisilo na ubishi mkubwa ni muundo wa makazi: msitu wenye tabaka nyingi za majani hubeba ndege wa aina nyingi kuliko wenye tabaka moja.

Faida ya bioanuwai ni nini? Ukame mkali wa 1988 ulipopiga mbuga ya Cedar Creek, Minnesota, vipande vya majaribio vyenye spishi nyingi vilipoteza mimea kwa kiasi kidogo kuliko vyenye spishi chache, kwani zilipodhoofika baadhi, nyingine zilivumilia. Wakosoaji walikumbusha kuwa vipande vyenye spishi chache vilikuwa vimewekewa nitrojeni, hivyo huenda mbolea ndiyo iliyoharibu. Hoja nzuri. David Tilman na wenzake, waliofanya utafiti huo, walifanya pia jaribio jingine, spishi zikipangwa kwa bahati nasibu, na bado vipande vyenye spishi nyingi vikazaa zaidi na kuyumba kidogo mwaka hadi mwaka. Faida hiyo haipandi kwa mwendo mmoja: kutoka spishi moja hadi nne tofauti ni kubwa, kisha hupungua. Ndiyo maana eneo lililokwisha kufilisika huumia zaidi likipoteza spishi moja tu.