Je, wajua kwa nini manusura wa ukatili wa kingono huwaambia wageni wasichowaambia ndugu zao?

Mtu amenyamaza miaka kumi na tano. Mumewe hajui, dada yake hajui, mama yake hajui. Siku moja anaingia kwenye kikao cha kikundi cha manusura wenzake, chumba chenye viti tisa vilivyopangwa duara, anachagua kile kilicho karibu na mlango, na baada ya wiki tatu au nne anatamka jambo ambalo hajawahi kulitamka, mbele ya watu ambao anayajua majina yao ya kwanza tu. Inakuwaje?

Jibu la haraka ni kwamba mgeni hana cha kulinda. Ndugu anacho: jina la ukoo, ndoa, amani ya nyumba, na mara nyingi hata mtendaji wa ukatili mwenyewe, kwa sababu watendaji wengi ni watu wanaofahamika na familia. Tena ukimwambia mama, kilio chake nacho utakibeba wewe. Lakini hiyo ni nusu ya jibu, na ndiyo nusu nyepesi.

Nusu nzito iko kwenye aibu. Katika ukatili wa kingono aliyeibiwa huona haya kuliko mwizi. Manusura huendesha kesi kichwani mwake peke yake: yeye ndiye mshtakiwa, yeye ndiye hakimu, na wakili hajaitwa. Mbona nilikubali kupanda gari lake? Mbona sikupiga kelele? Mbona nilirudi tena nyumbani kwa mjomba? Mnasihi akimwambia "si kosa lako", huitikia kwa adabu huku akiwaza: huyu si ndiyo kazi yake kusema hivyo? Sasa siku moja kikundini, mwanamke wa kiti cha pili anasema kwamba naye hakupiga kelele, mwili uliganda na sauti ikagoma kutoka. Msikilizaji wetu hamlaumu hata chembe. Angemgombeza yeyote ambaye angemlaumu. Halafu usiku, amelala macho wazi, inamjia kwamba amemwachia huru mwenzake kwa kosa lilelile ambalo yeye mwenyewe amefungwa kwalo miaka yote hiyo. Kwangu mimi, kikundi kinafanya kazi kwa sababu ya saa hiyo ya usiku kuliko kitu kingine chochote.

Na huko kuganda si kisingizio. Utafiti uliofanyika Stockholm, uliochapishwa mwaka 2017, uliwahusu wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya waliobakwa. Asilimia 70 walieleza kwamba miili yao iliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio, na asilimia 48 ya wanawake wote walifikia kiwango cha kupindukia. Mwili hufanya hivyo bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Wanaume waliobakwa au kulawitiwa wana fumbo lao jingine: wengine mwili ulisisimka, na tangu siku hiyo wanaamini kwamba labda walitaka. Hawakutaka. Msisimko wa mwili si ridhaa, kama vile machozi ya kitunguu yasivyokuwa huzuni. Unaweza kumweleza mtu hayo kwa takwimu na kwa vitabu, lakini humwingia vizuri zaidi akiona vichwa vinne vikitikisika kwa pamoja kukubali. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Je, kuna ushahidi kwamba watu hupona kweli? Upo, na mmojawapo ulio bora ulitoka mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake 405 katika vijiji 15, wote manusura wa ukatili wa kingono. Baadhi ya vijiji vilipewa tiba ya kikundi, iliyowafundisha wanawake kuyakamata mawazo ya kujilaumu na kuyahoji. Vingine vilipewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 kwenye vijiji vya vikundi na asilimia 42 kwenye vile vingine. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari wa akili, bali wasaidizi wa jamii waliofunzwa na kusimamiwa, na kwa kuwa wanawake wengi hawakujua kusoma, mazoezi yaliyozoeleka kuandikwa yalirahisishwa wayashike kichwani.

Kosa linalorudiwa sana ni kudhani kwamba kikundi ni mahali pa kutapika kila kitu siku ya kwanza. Kumlazimisha mtu asimulie tukio hatua kwa hatua mara tu baada ya kuumizwa hakumsaidii, na Shirika la Afya Duniani linashauri kikao cha namna hiyo kisitumike. Daktari Judith Herman wa Marekani, mmoja wa waliotangulia kuendesha vikundi hivi, aliweka mpangilio ambao wengi wanaufuata hadi leo: kwanza usalama, ndipo kumbukumbu na maombolezo, ndipo kurudi kwenye maisha na watu. Ambaye bado anaishi nyumba moja na anayemwumiza, au anayefikiria kujiua, huanza na msaada wa ana kwa ana. Aliyebakwa jana anahitaji hospitali kabla ya kikundi, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72.

Chumbani kwenyewe, mambo madogo ndiyo yanayohesabika. Boksi la tishu huwekwa katikati, na wawezeshaji wengi hawapendi umpelekee tishu anayelia, maana anaweza kuelewa kwamba anaambiwa anyamaze. Atanyoosha mkono mwenyewe akitaka. Kumkumbatia mtu bila kumwuliza ni mwiko. Hawa ni watu walioguswa bila kuulizwa. Kukaa kimya kikao kizima kunaruhusiwa. Yasemwayo hayatoki nje, ila mwezeshaji mzuri husema mapema ni lini atalazimika kuyatoa, kwa mfano akisikia kwamba kuna mtoto aliye hatarini sasa hivi. Kama hakulisema hilo, muulize kabla hujakaa.

Kikao kinapokaribia kwisha, hakuna anayefungua habari mpya. Dakika kumi za mwisho huachiwa mazungumzo ya kawaida kabisa: nani anaongozana na nani hadi kituoni, nani ana kazi kesho alfajiri, usiku wa leo utapika nini.