Kifyatulio Kipya kwa Bunduki ya Bolti: Usianze na Uzito

Karibu kila anayeniletea bunduki ya bolti, ile inayokokiwa kwa kusogeza bolti kwa mkono, nimbadilishie kifyatulio huanza na swali moja kuhusu nguvu ya kukivuta: "Fundi, kinashuka hadi gramu ngapi?" Swali lina msingi. Bunduki ya kuwindia huwa na kilo 3.5 hivi. Kifyatulio cha kiwandani kikidai kilo 2.5 ndipo kiachie, kidole kinaivuta bunduki kwa nguvu inayozidi nusu ya uzito wake, tena katika nukta ile ile unayotaka itulie tuli. Shabaha inahama na mlengaji haelewi kwa nini.

Hata hivyo, nimewahi kumpa mlengaji bunduki yenye kifyatulio cha kilo 1.3 akaapa kuwa ni chepesi kuliko chake cha kilo 1. Nilipima vyote viwili mbele yake. Chake kilikuwa kinakwaruza: unavuta, kinasogea kidogo, kinakwama, kinasogea tena, na hujui kitaachia lini. Kile cha kilo 1.3 kilisimama kama ukuta, kisha kikakatika ghafla kama kijiti kikavu. Kidole hakina mizani ndani yake. Kinachokihisi ni mwendo.

Tuangalie kinachotokea ndani. Bunduki ikishakokiwa, pini ya kupigia inasukumwa mbele na springi yenye nguvu, na kuna kipande cha chuma kinachoizuia. Mimi hukiita kishikizo. Kishikizo hicho kinaegemea ukingo mwembamba, na ukivuta kifyatulio ukingo huo unateleza mpaka uachie. Umbali wa kuteleza ndio unaouhisi kama mkwaruzo. Ukingo ukisuguliwa vizuri na ukawa mfupi, mkato, yaani kule kuachia kwenyewe, unakuwa safi. Ukiwa mfupi kupita kiasi, bunduki inaweza kufyatuka kwa kugongwa tu. Uchaguzi wote wa kifyatulio umo kati ya hali hizo mbili.

Watengenezaji wametafuta njia tofauti za kupita hapo. TriggerTech wa Kanada huweka rola ndogo kati ya nyuso zinazokutana, kwa hiyo chuma kinabingirika badala ya kuteleza juu ya chuma kingine. Timney hutegemea zaidi nyuso zilizokatwa na kusuguliwa kwa umakini, zenye sehemu chache. Savage, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walileta AccuTrigger: kuna ulimi mwembamba katikati ya kifyatulio, na usipoubonyeza, kishikizo hakiwezi kuachia kabisa. Ulimi huo uliwapa walengaji wa kawaida kifyatulio chepesi kutoka kiwandani bila hofu kubwa ya bunduki kufyatuka kwa kugongwa, na nina hakika uliwasukuma viwanda vingine waboreshe vya kwao.

Kuhusu hatua moja au mbili, nina upande. Kifyatulio cha hatua moja hakisogei mpaka kikatike. Cha hatua mbili kina mwendo laini mwanzoni, kisha unakutana na ukuta, kisha mkato. Bunduki nyingi za kijeshi za zamani, Mauser 98 mojawapo, zilikuwa na hatua mbili, na sababu yake ni nzuri: mwanzoni ukingo unashikana kwa kina, na kina hicho hupungua pale tu unapovuta kwa makusudi. Kwa mtu anayelenga akiwa amelala, mwenye muda wa kupumua, napendekeza hatua mbili bila kusita. Kwa mwindaji anayesimama na ana sekunde mbili tu, hatua moja iliyo safi humfaa zaidi.

Sasa uzito, maana najua bado unausubiri. Kwa uwindaji, mikono ikiwa na baridi au glavu, sishuki chini ya kilo 1.1, na nafurahi zaidi kwenye 1.3 hadi 1.6. Kwa kulenga shabaha za mbali ukiwa umelala chini, gramu 500 hadi 900 zinatosha. Wale wanaolenga kutoka mezani, bunduki ikiwa juu ya mifuko ya mchanga, hutumia hata gramu 60, na hao hufunga bolti pale tu bunduki imeshaelekea shabaha. Ukishindana, soma kanuni kwanza: bunduki sanifu ya mita 300 chini ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, haitakiwi kuvutwa kwa chini ya gramu 1500.

Jambo ambalo wanunuzi hulipita haraka mno ni kizuizi cha usalama. Uliza kinazuia nini. Kwenye Mauser 98 na Winchester Model 70, kizuizi hushika pini yenyewe, kwa hiyo chochote kikitokea kwenye kifyatulio, pini haiendi. Kwenye bunduki za mfumo wa Remington 700, kizuizi ni sehemu ya kifyatulio, hivyo ukibadilisha kifyatulio umebadilisha na usalama wako. Vingine huzuia kifyatulio peke yake na kukiacha kishikizo huru. Mimi huchagua kinachoinua au kufunga kishikizo, hata kama ni ghali zaidi.

Mwaka 2014 Remington waliwaita wenye vifyatulio vya X-Mark Pro wavirudishe, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kuifanya bunduki ifyatuke yenyewe. Gundi kidogo tu, mahali pasipofaa. Ndiyo maana simruhusu mteja atie mafuta mazito ndani ya kifyatulio. Mafuta hukamata vumbi, na kwenye baridi huganda. Dawa ya kusafishia mtutu nayo hutiririka humo usipotumia kiongozi cha ufito, yaani mrija unaouelekeza ufito wa kusafishia. Vifyatulio vyepesi sana vyenye nyenzo nyingi ndani, mfano Jewell, ni vitamu mno kwenye uwanja wa shabaha, lakini mchanga kidogo huvisumbua. Kwa porini nachagua chenye sehemu chache.

Kuhusu kutoshea, faida kubwa iko kwa wenye mfumo wa Remington 700, maana viwiliwili vingi vya bunduki za kisasa, yaani ile sehemu ya chuma inayobeba bolti, vimefuata umbo lake. Hakikisha tu kama kiwiliwili chako kinahitaji kifyatulio chenye kitufe cha kuachia bolti. Mwenye bunduki ya Tikka T3x ajaribu kwanza kurekebisha alichonacho. Kinashuka hadi kilo 1 hivi, na mara nyingi humtuma mteja nyumbani na pesa zake.

Umbo la sehemu unayoivuta kwa kidole, bapa au iliyopinda, ni la mkono wako. Kumbuka tu kuwa kwenye iliyo bapa kidole kikishuka chini, kifyatulio huhisi chepesi zaidi, maana umerefusha wenzo.

Baada ya kufunga, bunduki ikiwa tupu na chemba imekaguliwa mara mbili, nafanya hivi. Napima mivuto 10 kwa mizani. Ikitofautiana zaidi ya gramu 100, nakirudisha. Nafunga bolti kwa nguvu mara 20. Nagonga kisigino cha kitako kwenye mpira mzito, kizuizi kikiwa kimewekwa na kikiwa kimeondolewa. Kisha naweka kizuizi, navuta kifyatulio kwa nguvu, nakiachia, na naondoa kizuizi bila kugusa kitu kingine. Bunduki moja ambayo mteja alikuwa amekifunga kifyatulio chake mwenyewe ilifyatuka hapo, kwenye hatua hiyo ya mwisho. Alikuwa ameizungusha skrubu ya ukingo, ile inayopanga kina cha kushikana, nusu mzunguko ili apate mkato mfupi. Alikuwa amewinda nayo msimu mzima, na mwanawe akitembea mbele yake. Niliirudisha skrubu, nikaipaka gundi ya kushikia skrubu, na nikamwomba asirudi kuigusa. Kama skrubu yako ya ukingo imefungwa kiwandani kwa gundi, iache hivyo, na urekebishe skrubu ya springi, ile ya uzito, peke yake.